Usilaumu Kiingereza Kabla ya Kupima Sikio

Katika madarasa ya Kiingereza ya watu wazima hapa Regent Park, Toronto, kuna lalamiko ambalo nimelisikia kwa lafudhi ya Bukavu, ya Mombasa, ya Bujumbura na ya Kigoma: "Kiingereza hakiniingii." Anayelalamika mara nyingi ni mtu aliyevuka miaka hamsini, ambaye huko nyuma alijifunza lugha mbili tatu bila kwenda shule ya lugha hata siku moja. Anakaa nyuma, anaitikia kwa kichwa, anacheka wenzake wakicheka. Mwalimu anamwona mzito, watoto wake wanamwona mvivu, naye mwenyewe ameshakubali kwamba akili imezeeka. Ninamwomba mtu huyo, pamoja na walio karibu naye, jambo moja kabla hajaliacha darasa: akapime masikio.

Sababu yangu ni hii. Sikio linalochakaa kwa umri au kwa kelele kwa kawaida huanza kupoteza sauti nyembamba, zile za s, f, t na k. Sauti nzito hubaki kwa muda mrefu zaidi. Sasa sikiliza jinsi tunavyozungumza. Karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia kwa irabu, na irabu ndizo zenye nguvu katika usemi. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya usikivu wake na bado akafuata mazungumzo ya nyumbani, hasa kwa kuwa anajua watu watamalizia vipi sentensi zao. Kiingereza hakimpi nafasi hiyo. Maneno yake mengi hufungwa kwa konsonanti nyepesi, na konsonanti hiyo moja ndiyo inayotenganisha kimoja na vingi, au cha leo na cha jana. Ndiyo maana uziwi wa mgeni hujitokeza kwanza katika lugha ya ugenini, na kila mtu, pengine hata daktari wake, akadhani tatizo ni lugha.

Kizunguzungu nacho kina pa kujificha. Kwetu kinaitwa presha, au sukari, au njaa ya mfungo, au mawazo, na wapo wanaokiita jini. Wakati mwingine ni presha kweli. Lakini sikio la ndani lina kazi mbili, kusikia na kuuweka mwili sawa, na viungo vya kazi zote mbili vimepangana ndani ya mfupa mmoja pembeni mwa fuvu, vikishirikiana majimaji. Anayeyumba akatibiwa presha peke yake kwa miaka, bila mtu kumchungulia sikio, hajatendewa haki.

Watu wa kwetu wana sababu nyingi za kufika hapa na masikio yaliyojeruhiwa. Wako waliotoka usaha masikioni utotoni, wakaambiwa utakauka wenyewe, huku ngoma ya sikio imetoboka. Wako walioponea homa ya uti wa mgongo. Wako walioishi karibu na milio ya risasi na mabomu, Kivu au Mogadishu. Wako waliotibiwa kifua kikuu sugu kwa sindano za kanamaisini, dawa inayoua chembe za kusikia zisiote tena. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 iliiondoa kanamaisini katika matibabu hayo, lakini waliochomwa kabla ya hapo wanaishi na matokeo. Kwinini ya malaria, ambayo wengi tunaikumbuka kwa mvumo wake masikioni, mara nyingi huachia baada ya dozi kwisha. Mweleze daktari historia hii yote, kwa sababu daktari wa Toronto hatakuuliza kuhusu sindano ulizochomwa Uvira. Na usijione uko peke yako: ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu fulani wa kusikia, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma.

Pa kuanzia ni kwa daktari wako wa kawaida. Asiye na daktari aulize Regent Park Community Health Centre pale Dundas Street East, kituo kilichoanzishwa na wakazi wenyewe miaka ya sabini; vituo vya afya vya jamii vya Ontario huwapokea hata wasio na kadi ya bima ya afya ya mkoa. Kwanza daktari atakuchungulia sikio. Nta iliyoganda ndani huweza kuziba kabisa, na kuiondoa ni kazi ya dakika chache kliniki. Usiitafute mwenyewe kwa kijiti cha pamba wala ufunguo, unaisukuma ndani. Nta ikiwa siyo sababu, omba barua ya kwenda kwa mtaalamu wa usikivu.

Sehemu kuu ya kipimo haihitaji lugha yoyote: unakaa kwenye chumba kimya, unavaa spika za masikioni, na kila ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Lakini kuna sehemu ya pili, ambapo unasomewa maneno uyarudie, na maneno hayo huwa ya Kiingereza. Hapo sema mapema, kabla hamjaanza, kwamba Kiingereza ni lugha yako ya tatu au ya nne. Usiposema, matokeo yataonyesha sikio baya kuliko lilivyo, au, kama mpimaji anakisia, atayapuuza kabisa. Ondoka na nakala ya chati yako. Ni mali yako, na utaihitaji mahali pengine.

Kuhusu mkalimani nina msimamo mkali kidogo. Hospitali na vituo vingi hutumia mkalimani wa simu, ambaye kwa mtu anayesikia vizuri anatosha. Kwa asiyesikia vizuri, sauti ya simu inayotoka kwenye spika katikati ya chumba ni ukuta wa pili. Unapopanga miadi, sema wazi: "Ninahitaji mkalimani wa Kiswahili awepo chumbani, kwa sababu sisikii vizuri." Omba hivyo mapema, siyo asubuhi ya siku yenyewe. Na mtoto wa miaka kumi asiwe mkalimani wa mama yake. Kuna maswali ambayo mama hatayajibu mbele ya mwanawe, na kuna majibu ambayo mtoto hapaswi kuyabeba.

Jambo moja halisubiri miadi. Sikio moja likizima ghafla, ndani ya saa au siku chache, bila maumivu, likiwa na mvumo au bila mvumo, hiyo ni dharura. Wengi hudhani ni mafua au maji yaliyoingia wakati wa kuoga, wakakaa wiki wakisubiri lizibuke. Dawa za steroidi zinaweza kuliokoa, ila nafasi ni nzuri zaidi siku za mwanzo na hupungua sana baada ya wiki mbili. Nenda siku hiyo hiyo. Hospitali ya St. Michael's iko karibu, upande wa magharibi wa mtaa wetu.

Sasa pesa. Kifaa kimoja cha kusikilizia kinaweza kuzidi dola elfu, na wengi huhitaji viwili. Mkoa wa Ontario una mpango unaoitwa Assistive Devices Program, ambao hulipa asilimia 75 ya gharama, bila kuzidi dola 500 kwa kila kifaa, mradi uwe mkazi mwenye kadi ya afya na mtaalamu aliyekupima awe amesajiliwa na mpango huo. Swali la kwanza kumwuliza muuzaji ni hilo: mmesajiliwa? Anayeishi kwa msaada wa mkoa, yaani ODSP (wa wenye ulemavu) au Ontario Works (wa wasio na kipato), amwone mfanyakazi wa faili lake kuhusu kiasi kinachobaki, na amwone kabla ya kusaini chochote, kwa sababu kuomba baada ya kununua ni kutafuta kukataliwa. Mwomba hifadhi anayetumia bima ya muda ya serikali kuu naye aombe kibali kwanza. Maduka yanayotangaza kipimo cha bure yapo kwa ajili ya kuuza. Si dhambi, lakini chukua chati yako, uliza muda wa majaribio ni siku ngapi na utarudishiwa kiasi gani usiporidhika, kisha linganisha na duka la pili. Canadian Hearing Services, shirika lililoanza Toronto mwaka 1940, ni mahali pazuri pa kuuliza hata kama hununui kwao. Vile vikuza sauti vya bei rahisi vya mtandaoni hukuza kila kitu kwa pamoja, na sikio lililobakiwa na nguvu kidogo linaweza kuumia zaidi.

Kifaa kipya huudhi. Bomba la maji linanguruma, karatasi inapiga kelele, sauti yako mwenyewe inakuwa ya mtu mwingine. Ubongo uliozoea ukimya unahitaji wiki kadhaa kujifunza upya nini cha kusikiliza na nini cha kuacha. Nimeona vifaa vingi vya bei kubwa vimelala kwenye droo ya kabati kwa sababu mwenyewe alivivaa siku mbili akavivua. Anza nyumbani, kwenye utulivu, saa chache kwa siku, ukiongeza. Kisha rudi kwa mtaalamu akurekebishie, tena na tena. Marekebisho ni sehemu ya tiba.

Mambo mengine hutayakuta katika kijitabu cha maelekezo, kwa sababu walioandika hawakutufikiria. Kifaa cha nyuma ya sikio kina maikrofoni juu yake, na ushungi ukiibana, sauti hufifia, kitambaa hukwaruza, kifaa hupiga mluzi. Chagua kitambaa chepesi kisichobana sehemu ya masikio, na siku ya kupima kifaa nenda umevaa ushungi wako wa kila siku ili kirekebishwe ukiwa nao. Kabla ya kutawadha, vua vifaa uviweke mahali pamoja pasipo na maji, kila mara pale pale. Unyevu ndio unaoviua. Wakati wa baridi kali, ukitoka nje na kuingia ndani kwenye joto, umande hujitengeneza ndani ya kifaa. Kila usiku kikaushe kwenye kopo lenye vidonge vya kunyonya unyevu, vinavyouzwa kwa bei ndogo. Kama kinatumia betri za kutupa, tembea na za akiba, maana baridi huzimaliza haraka.

Na ibada. Makanisa yetu mengi yanakodi kumbi ndogo na kuzijaza spika za ukumbi mkubwa. Namheshimu Mungu anayeabudiwa humo, lakini masikio ya watoto wanaokaa mbele ya spika hizo hayatarudishwa na mtu. Wachungaji, shusheni sauti, muwaombe wapiga ngoma wageuke upande. Mwenye usikivu hafifu akae mbele, mbali na spika, mahali anapoona midomo ya mhubiri.

Mtaa huu ulijengwa kuanzia mwaka 1948, ukaanza kubomolewa na kujengwa upya mwaka 2005, na wengi wetu sasa tunakaa katika nyumba mpya zenye sakafu ngumu na jiko lililoungana na sebule. Ni nzuri kwa macho, na ni ngumu kwa sikio: sauti inagonga ukuta, inagonga sakafu, feni ya jiko inafunika maneno. Zulia na mapazia mazito husaidia. Zima feni na televisheni kabla ya kuanza kuzungumza na mzee. Mwite jina kwanza, ngoja akutazame, kaa mahali mwanga unapoangukia uso wako, kisha sema kwa sauti ya kawaida na polepole. Kupiga kelele kunapotosha maneno na kunaumiza, kwa sababu sikio bovu hustahimili vibaya sauti kubwa vilevile. Asiposhika, badilisha maneno badala ya kurudia yale yale. Na ndugu zangu, futeni kabisa jibu la "achana nayo, si muhimu." Mama akiuliza watu wanachekea nini, mwambieni wanachekea nini. Kwa jibu hilo dogo watu wazima wengi wamejifunza kukaa chumbani wageni wakija, na tafiti zimeshauhusisha uziwi usiotibiwa na upweke, huzuni na hata kusahau kwa uzeeni.

Kwa simu za nyumbani, video ya WhatsApp ni bora kuliko sauti peke yake, kwa kuwa unaona midomo. Mwombe ndugu wa Goma akae penye mwanga. Kuna pia programu za simu zinazoandika maneno yanaposemwa, nyingine hata Kiswahili. Huandika makosa, ila hukuonyesha angalau mada imehamia wapi.

Nirudi kwenye kizunguzungu, kwa kuwa ndicho kinachowaangusha watu. Ndani ya kila sikio mna mirija mitatu yenye majimaji, inayoueleza ubongo kichwa kimegeukia wapi, kama pimamaji ya fundi ujenzi. Jirani yake kuna vijiwe vidogo sana vya kalsiamu. Umri au pigo la kichwa huweza kuvibandua vikaingia kwenye mrija, na hapo chumba kinazunguka kwa chini ya dakika moja kila ukigeuka kitandani, ukitazama rafu ya juu, au ukienda sujudu. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote ya dunia kuzunguka, na tiba yake haina kidonge. Daktari John Epley wa Portland, Marekani, alibuni namna ya kumlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa kwa hatua ili vijiwe virudi mahali pake, akaichapisha mwaka 1992. Wengi hupona kwa mara moja au chache. Usianze na video za mtandaoni. Mtu aliyesomea akuthibitishie kwanza ni sikio gani na mrija gani, kisha akufundishe. Hadi hapo swali umeketi kwenye kiti. Mgonjwa ana ruhusa hiyo.

Kizunguzungu cha saa nzima au zaidi, kinachorudi rudi, pamoja na sikio kujaa, kuvuma na kusikia kunakopanda na kushuka, huweza kuwa ugonjwa ambao Prosper Ménière aliueleza Paris mwaka 1861. Madaktari hushauri kupunguza chumvi, na kwetu hiyo inamaanisha makayabu, dagaa wa chumvi na vile vidonge vya mchuzi tunavyovitia kwenye kila sufuria. Kinachodumu siku kadhaa mfululizo, mara nyingi baada ya mafua, huweza kuwa uvimbe wa mshipa wa fahamu wa sikio. Lakini kizunguzungu kinachokuja na ulimi mzito, uso kuanguka upande, mkono kulegea, kuona viwili, au kushindwa kabisa kusimama, hicho ni cha ubongo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Piga 911 na utaje neno "Swahili", watakutafutia mkalimani.

Dawa za kutuliza kichefuchefu hufaa siku mbili tatu za mwanzo. Zikizidi, zinauzuia ubongo kujifunza kufidia. Kinachoufundisha ni mwendo: unakazia macho herufi moja ukutani huku ukigeuza kichwa kushoto na kulia, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, hata kama inachukiza kidogo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyesomea mambo ya mizani ya mwili atakupangia. Mkoa hulipia mazoezi ya viungo, katika kliniki maalumu, kwa walio na miaka 65 na zaidi, kwa vijana hadi 19, na kwa wanaoishi kwa ODSP au Ontario Works.

Asiye na mizani ya sikio anasimama kwa msaada wa vitu viwili vilivyobaki, macho na nyayo. Desemba ya Toronto inamnyang'anya vyote: jua limezama kabla ya saa kumi na moja jioni, na buti nene zinamzuia kuhisi ardhi. Shughuli zako ziwe mchana. Vaa viatu vyenye soli ngumu kiasi na vyuma vya kuzuia utelezi, na uvivue ukifika mlangoni, kwani ndani vinateleza zaidi. Fimbo si aibu. Katika tramu ya 505 keti kabla haijaondoka na usisimame hadi isimame. Nyumbani, lile zulia nililolisifu libandikwe kingo zake chini, na taa ndogo iwake usiku kati ya kitanda na choo. Aliyeshindwa kabisa na usafiri wa kawaida aombe Wheel-Trans, usafiri wa umma wa watu wenye ulemavu. Bwawa la kuogelea la mtaani, lenye mapazia yanayoshushwa kwa ajili ya faragha ya akina mama, ni zuri kwa mazoezi, ila usiogelee peke yako: chini ya maji, bila mizani ya sikio, mtu huweza kukosa kujua juu ni wapi.

Wafanyakazi wa viwandani na wa ujenzi, kumbukeni kwamba sheria ya Ontario inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane. Kila ongezeko la 3 linapunguza muda huo nusu, hivyo 88 ni saa nne na 91 ni mbili. Kama unalazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono akusikie, hapo kelele imezidi. Vizibo vya masikio ni wajibu wa mwajiri. Aliyepoteza kusikia kwa kazi anaweza kudai fidia kwa WSIB, bodi ya mkoa ya fidia za wafanyakazi, hata baada ya kustaafu.

Na usiku vifaa vikishavuliwa, king'ora cha moto huenda kisisikike kabisa. Mwambie mwenye nyumba, iwe Toronto Community Housing au mwingine, kwamba unahitaji king'ora chenye taa inayomweka au kinachotikisa mto. Sheria ya haki za binadamu ya Ontario inamtaka akurekebishie mazingira. Andika ombi kwa maandishi, ambatisha nakala ya chati ya usikivu, weka tarehe, na ubaki na nakala yako.